Hospitalini au mtaani: kuwafanyisha watoto mazoezi ya viungo Bukavu

Hospitalini, mtaalamu wa kinesiterapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ana daktari wa mifupa karibu, jambo linalomfaa hasa mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, kwa kuwa njia ya Ponseti ya kuzinyoosha nyayo hizo hudai plasta mpya kila wiki, mara nyingi 5 hadi 7, kisha viatu vyenye fimbo ya kuviunganisha, vinavyovaliwa saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kinyume chake, hujifunza kuketi pale anapoishi. Mtaalamu anayepanda vilima vya Kadutu, sehemu ya Bukavu, kumfuata huuona mkeka, ngazi za udongo, na mikono ya bibi itakayoyarudia mazoezi kila siku. Binafsi ningechagua mtaani, ingawa matope ya Novemba hayana huruma.