Nimehamisha studio ya nyumbani kwenda PC mpya na Reaper, uzoefu wangu

Wadau wa kurekodi nyumbani, nimemaliza kuhamia mashine mpya na nina ya kusema kuhusu Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi muziki, maana hapa Dar kuna maprodyuza wanang'ang'ania PC mbovu miaka na miaka kwa sababu tu wanaogopa kuhamisha kazi zao. Mimi nipo Tabata, chumba kimoja, narekodi kwaya na vijana wa singeli, saundikadi ni Scarlett 2i2 na maiki moja ya kondensa. PC ya zamani ilikuwa bado inapiga kazi ila Microsoft wamesitisha sapoti ya Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na prosesa yangu ilikuwa ya kizazi ambacho Windows 11 haikitaki, basi nikashuka Kariakoo nikachukua nyingine.

Reaper yenyewe kuihamisha hakuna kazi kabisa. Faili lake la kuinstoli ni dogo, bando la kawaida linatosha, na leseni ni kifaili kidogo tu unakikopi kwenye fleshi unaenda nacho, hakuna dongo (kifaa cha USB cha kuthibitisha leseni) ya kuchomeka wala kumwandikia mtu Ulaya akuruhusu. Setingi nazo zinahama zote, ukiingia kwenye Preferences pale kwenye General kuna kitufe cha kutoa setingi zako kama faili moja, kwenye mashine mpya unalibuluta faili hilo ndani ya Reaper na shotkati zako, rangi zako, templeti za traki, vyote vinarudi kama ulivyoviacha.

Kazi yenyewe iko kwenye projekti. Projekti ya Reaper haibebi sauti ndani yake, inakumbuka tu sauti ziko folda gani, sasa kama vokali ziko diski ya D, biti iko Desktop na ngoma ya kick umeitoa Downloads basi ukikopi faili la projekti peke yake umebeba karatasi tupu. Dawa ni kuifungua projekti kwenye mashine ya zamani, unasevu upya na unaweka tiki pale inapouliza kama ikopi sauti zote ziingie folda moja na projekti. Nilifanya hivyo projekti moja moja, inachosha lakini ndo njia ya uhakika. Andaa nafasi ya kutosha kwenye hadidiski ya nje, stirio ya 24-bit kwa 48 kHz inakula kama MB 17 kwa dakika, na kwaya yenye traki nyingi inajaza haraka mno.

Halafu kuna hili lililonifurahisha sana, faili la projekti, ile yenye RPP mwishoni, ni maandishi ya kawaida. Kuna kazi moja ya kwaya ilikuwa inatafuta sauti kwenye diski ya E na sasa diski hiyo imekuwa F, nikatengeneza kopi, nikaifungua kwa Notepad na humo unasoma kila kitu, jina la traki ya soprano, sauti yake ilipowekwa, na pale mbele ya kila faili ile njia inayoanza na E. Nikaambia Notepad ibadilishe E zote za njia kuwa F, nikasevu, nikafungua Reaper, sauti zote hizo hapo. Programu ngapi zinakuachia kazi yako wazi hivyo? Kama hutaki kugusa maandishi ingia kwenye Windows uipe diski herufi ileile ya zamani, yanaisha.

Plagini sasa, yaani programu ndogo za efekti na ala unazochomeka ndani ya Reaper, hapo Reaper haikusaidii na wala haiwezi. Za kununua zile za iLok, mfumo wa kulinda leseni, unazizima kwanza kwenye mashine ya zamani ndo unaziwasha kwenye mpya, na fanya hivyo ile ya zamani ikiwa bado inawaka, maana kuna kampuni moja ya plagini inakupa idadi ya mashine na ukishaimaliza unaanza kubembeleza kwa imeili. Za kukreki wengi wetu tunazijua, zile ndo zinagoma mashine mpya na antivairasi inazila. Kwa hiyo kila traki yenye plagini ambayo sina uhakika nayo niliitoa kuwa WAV, faili la sauti la kawaida, kabla ya kuhama, hata plagini isipofunguka milele sauti ninayo.

Upande wa saundikadi pakua draiva kwenye tovuti ya Focusrite wenyewe, ndio wanaotengeneza Scarlett, chagua ASIO (draiva ya sauti isiyochelewesha) ndani ya Reaper, weka pawa ya Windows kwenye pafomansi kubwa na uzime ile setingi inayolaza USB. Baffa, yaani kiasi cha sauti ambacho PC inakusanya kabla ya kuishughulikia, ikiwa 1024 kwa 48 kHz sauti inachelewa kama milisekunde 21 kwa upande mmoja tu, kuingia au kutoka, mtu wa singeli anayechana juu ya BPM (mapigo kwa dakika) 200 na zaidi anakuambia palepale kaka mbona najisikia nyuma. Mashine mpya inabeba 128 bila kukwaruza, hapo ni chini ya milisekunde 3 na vijana wanachana wakiwa na raha.

Kasoro zipo. Reaper haiji na masinthi (ala za kielektroniki) ya maana wala ngoma, mtu anayeanzia kwenye biti atakaa vizuri zaidi kwenye FL Studio, programu nyingine ya kutengenezea muziki, na sura yake mwanzoni inatisha, menyu juu ya menyu. Ila unaijaribu siku 60 ikiwa kamili bila kulipa, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, kwa sisi wa studio za chumbani hiyo bei inalipika. PC ya zamani sijaiformati, naiacha mpaka kila kazi ya kwaya niifungue kwenye mpya na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho.