Clean Election ya Maine kwa mgombea binafsi: naipa nyota 4

Riviu hii ni ya wale mlioko Portland, Lewiston na kwingineko kwenye jimbo la Maine, Marekani, wenye ndugu au jirani anayetaka kugombea bunge la jimbo bila chama na hajui hela ya kampeni ataitoa wapi. Mimi nilikuwa volontia wa mgombea binafsi mmoja, jina naliacha, alikuwa anatafuta kiti cha wawakilishi, na tulitumia Clean Election, yaani kampeni yako inalipiwa na mfuko wa serikali ya jimbo. Wananchi wenyewe waliipitisha kwa kura 1996, wagombea wakaanza kuitumia 2000.

Ukigombea uwakilishi unatafuta wapiga kura wasiopungua 60 waliojiandikisha kwenye eneo lako, kila mmoja atoe dola 5. Seneti ni 175, ugavana usiulize, ni 3,200. Hela yenyewe haiingii mfukoni kwako, inaenda kwenye mfuko, karani wa mji anathibitisha kwamba hao watu kweli wamejiandikisha pale, ukipita ndio unaingiziwa ya kampeni, na kuanzia hapo hakuna kuchangiwa na tajiri wala kampuni wala kuchomoa zako benki. Ikibaki unairudisha. Matumizi yote unaripoti na mtu yeyote anaingia onlaini anakusoma, vipeperushi shilingi ngapi, mabango shilingi ngapi, kila kitu.

Aisee hiyo dola 5 ndio imenikosha. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea hela ya uchaguzi ikiteremka kutoka kwa mgombea, mara kofia, mara kanga, mara sahani ya pilau, ilifika mahali sheria ikaibatiza takrima mpaka Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006. Huku mpiga kura ndio anayetoa, tena ni marufuku kumtolea, lazima iwe yake kweli. Mama mmoja Mkongomani alituuliza mlangoni, mwanangu huyu wa chama gani, nikamwambia hana chama mama, akasema sasa nani anamlipia, nikamjibu wewe mama, akacheka kweli kweli halafu akaenda kufuata pochi. Mtu akishatoa dola 5 yake anakuwa na ubia na wewe, siku nyingine anakusimamisha dukani anakuuliza imefikia wapi.

Na kwa asiye na chama hapo ndio penye faida yenyewe. Mwenye chama ana orodha ya wapiga kura, ana ofisi, ana watu wa kupiga simu, wewe una viatu tu. Ila eneo moja la uwakilishi Maine lina watu kama 9,000 hivi (viti ni 151, jimbo lina watu milioni 1.3 na ushee), kwa hiyo ukizunguka kutafuta hao 60 umeshaanza kampeni bila kujua, unajua nani ana mbwa mkali, nani analia na kodi ya nyumba, nani hataki kuona mwanasiasa getini kwake.

Sasa nyota niliyoikata. Ya kwanza ndogo, saini za wapiga kura unazotakiwa kupeleka ili jina lako liingie kwenye karatasi ya kura. Mgombea wa chama kwa kiti kile kile anaanza na 25, wewe usiye na chama 50. Sio nyingi ila mbona mara mbili? Kubwa ni hii, Maine wana ule upigaji kura wa kupanga wagombea 1, 2, 3 (wa kwanza wako akitolewa, kura yako inahamia kwa wa pili), waliupitisha 2016, wengi wanadhani unatumika kila mahali. Hautumiki kwenye uchaguzi mkuu wa bunge la jimbo! Majaji wa mahakama ya juu walisema 2017 kwamba katiba ya jimbo inampa ushindi mwenye kura nyingi, basi, hata kama hajafika nusu. Matokeo yake kila mlango wa tatu unaambiwa nakupenda lakini nikikupa wewe atapita yule mwingine. Hela ya mfuko haikusaidii chochote na hilo swali. Wetu alishika nafasi ya pili na mimi mpaka leo naamini ungetumika huo wa kupanga angepita.

Haimaanishi haiwezekani. Maine walimchagua gavana asiye na chama 1974, James Longley, wakarudia 1994 kwa Angus King, na Bill Pluecker, mkulima wa Warren, aliingia bungeni 2018 hivyo hivyo bila chama. Ila bungeni bado ni wa kuhesabu kwa vidole. Afadhali hata hivyo, kwetu Tanzania Mchungaji Mtikila alihangaika mahakamani miaka na miaka akidai mgombea binafsi aruhusiwe, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki 2013, na katiba bado inadai udhaminiwe na chama.

Kama unaingia, kusanya dola 5 mapema, dirisha linafunguliwa Januari ya mwaka wa uchaguzi na Januari ya Maine kalamu inagoma kuandika nje kwa baridi, bebeni penseli. Pata zaidi ya 60, maana lazima wengine watakatwa, mtu kahama mtaa hajabadilisha anwani, mwingine anadhani kajiandikisha kumbe bado. Na nyie wa grinikadi, wakazi wa kudumu ambao bado si raia, msijaribu kutoa hiyo dola 5, hamjajiandikisha kupiga kura, haihesabiki, ila kugonga milango na kutafsiri ruksa, na kusema ukweli watafsiri ndio tulikuwa tunawatafuta kwa tochi.