Fremu ya kumi na tisa hatukuiona: uzoefu wangu wa fainali ya snuka Malindi

Kama unatafuta pa kuangalia snuka, ule mchezo wa kutia mipira ya rangi kwenye mifuko ya meza kwa fimbo, hapa Malindi, soma haya kabla hujatoa pesa yako mlangoni. Jina la pahali sitalitaja. Waliokuwepo usiku ule wanapajua, na mwenyewe anajijua. Tulitozwa shilingi 300 kwa kichwa tuonyeshwe fainali ya Saudi Arabia Masters ya 2025, na tuliambiwa wazi kuwa tutaiona mwanzo hadi mwisho. Mwanzo tuliuona. Mwisho hatukuuona. Ronnie O'Sullivan fremu tisa, yaani raundi, Neil Robertson tisa, imebaki fremu moja tu ya kuamua, nao wakakata wakaweka mpira wa miguu. Na si mpira uliokuwa ukichezwa wakati ule, la. Marudio! Mechi iliyokwisha tangu jioni, ambayo mabao yake kila mtoto wa Maweni alikuwa ameshayahesabu.

Imepita muda sasa, lakini nikikumbuka damu bado inanichemka.

Haki yao nitawapa. Usiku wa nusu fainali pale palikuwa pazuri kupita nilivyotarajia. Skrini kubwa ukutani, feni zinazunguka vizuri, viazi karai vya moto na ukwaju wake pembeni. Picha ilikuwa safi kiasi cha kutenganisha mpira wa kahawia na nyekundu, kitu ambacho kwenye simu macho yangu hayakiwezi tena. Kwa snuka hilo si jambo dogo. Huko Uingereza mchezo huu uliingia majumbani kuanzia 1969, BBC walipokuwa wanatafuta kitu cha kuwaonyesha watu faida ya televisheni ya rangi. Ukiondoa rangi, hujui mtu anapiga nini wala anapata pointi ngapi.

Basi usiku huo O'Sullivan, mtu wa miaka 49, alimpigia Chris Wakelin breki ya 147, yaani pointi 147 kwa mfululizo mmoja. Kwa asiyeujua mchezo: unatia nyekundu zote 15, kila moja unaifuatisha na nyeusi, kisha unazimaliza rangi sita kwa mpangilio wake, manjano mpaka nyeusi, na katika yote hayo hukosi hata mara moja. Wachezaji wa kulipwa wapo wanaostaafu bila kuipiga. Yeye aliipiga, na mechi haijaisha akapiga nyingine. Mechi ile ile! Vijana wa pool waliokuwa wanacheza nyuma yetu waliweka fimbo zao chini wakaja kusimama nyuma ya viti. Mmoja akaniuliza, "Mzee, huyu ni mtu kweli?" Nikamwambia kaa nikufundishe, akakaa. Mimi snuka nilifundishwa na marehemu mjomba wangu Mombasa, na tangu afariki sijapata mtu wa kukaa naye tukaufuatilia mchezo hivyo. Kama ningeandika haya usiku ule ningewapa nyota tano na dua juu yake.

Ndiyo maana kesho yake nilikwenda mapema, nikalipa bila kuulizwa, na nikawaleta watu wengine.

Sasa nieleze uzito wa fainali yenyewe, maana meneja alinijibu kana kwamba tulikuwa tunaangalia watoto wanacheza gololi. Mashindano haya yalihesabika kwenye orodha ya dunia ya ubora wa wachezaji, na orodha hiyo hupangwa kwa pesa za zawadi alizovuna mchezaji katika miaka miwili. Bingwa wa Jeddah mwaka ule alibeba pauni 500,000, sawasawa na alichopata bingwa wa dunia kule ukumbi wa Crucible, Sheffield. Kwa hiyo fremu moja inaweza kumpandisha mtu ngazi kadhaa. O'Sullivan alikuwa hajashinda taji la orodha tangu mapema 2024, na watu walishaanza kusema mzee kwisha. Robertson naye si mtu wa kubezwa, Mwaustralia wa mkono wa kushoto, bingwa wa dunia wa 2010. Fainali ni ya fremu 19, anayetangulia kufika kumi ndiye bingwa. Wamecheza mchana, wamepumzika, wamerudi usiku, na sisi tumekaa nao. Jeddah na Malindi saa zetu ni moja, kwa hiyo wakichoka nasi tunachoka nao.

Ikawa tisa kwa tisa.

Hapo ukumbi ulikuwa kimya. Kulikuwa na mzee mmoja Mwitaliano, wa wale walioishi hapa mpaka wanaongea Kiswahili cha kwetu, ameshika glasi yake hanywi. Yule kijana wa pool yuko kando yangu. Refa amepanga nyekundu zake pembetatu, anaufuta mpira mweupe kwa glavu, anauweka mezani. Akatokea mhudumu, akapita mbele yetu ameinama, akapeleka mkono kwenye ile kompyuta, akachomoa waya. Skrini ikawa buluu tupu. Tukadhani ni stima. Mara tukaona nyasi, tukasikia kelele za uwanjani.

Nikamwita kwa upole. "Mwanangu, umegusa vibaya, rudisha."

Akasema, "Mzee wangu, mimi nimetumwa."

Sikugombana naye. Nikamwendea meneja kaunta, kijana mdogo kwangu kabisa, anahesabu pesa. Nikamwamkua mimi kwanza, jambo ambalo kwa umri wetu ilikuwa zamu yake kunipa shikamoo. Nikamweleza kuwa imebaki fremu moja, nusu saa hivi, pengine pungufu. Hakuinua macho. Akasema, "Mzee, vimipira vyenu hivyo vya kusukumana vitaisha lini? Wale wamekuja sasa hivi na wanakunywa. Wewe tangu magharibi una chai moja. Kaangalie kwa simu."

Kwanza, haikuwa chai moja. Pili, nililipa kiingilio, na wale wa mpira hawakulipa hata senti. Tatu, hata ningekuwa sikunywa maji, mtu mzima hajibiwi hivyo mbele za watu, Malindi hii, na kijana ambaye pengine babake nimeswali naye. Chuki ya kukosa fremu ingeniisha kwa kulala. Hilo la "vimipira" na la chai halijaniisha mpaka leo. Mji huu umejengwa kwa kupokea wageni, na mkahawa ukishindwa kumjibu mteja kwa lugha nzuri basi ufunge, uuze mkaa.

Tukatoka nje tukasimama barazani na simu. Intaneti ilikuwa inakwenda na kurudi. Picha haikufunguka, tukabaki na ukurasa wa matokeo. Tisa kwa tisa. Tunasubiri. Tisa kwa tisa. Ndani watu wanashangilia bao la tangu jioni. Kisha zikabadilika, kumi kwa tisa, Robertson. Basi. Ndivyo nilivyoiona fainali niliyoilipia, tarakimu moja kugeuka. Vipande vya mchezo nilivitazama baadaye, lakini vipande vinakuonyesha mipira inayoingia tu. Snuka ni ile dakika mtu amezunguka meza mara tatu hajui apige wapi, na mwenzake ameketi kitini amekunja mkono. Hiyo hairudi.

Kuhusu nyota: nilianza na sifuri. Halafu yule mhudumu alitufuata barazani akasema, "Niwieni radhi wazee wangu, kazi ni ya watu," na nikaona machoni kwamba ameumia kweli. Kwa ajili yake naweka moja. Viazi karai vinastahili nyingine, sitawadhulumu. Skrini pia, kwa kweli sijaona kubwa kama ile mji mzima, na mtu ukipenda mchezo huu huna pengi pa kwenda. Ziwe tatu? Kuna siku nilikaribia kurudi, nikafika mpaka mlangoni hata. Nikamwona meneja ameketi pale pale kaunta, nikageuza njia. Hapana. Pahali anapokaa yule hata viazi siwezi kuvila kwa raha. Moja, ya mhudumu peke yake, na siku atakapoacha kazi pale nitakuja kuifuta.

Mia tatu yangu naitaka, na za wale niliowaleta pia, maana aibu ilikuwa yangu mbele yao. Mwitaliano hakusema neno. Aliacha pesa ya kinywaji chake juu ya meza na hajaonekana pale tena, nimeambiwa.

Mwishoni mwa mwaka kuna UK Championship, York, na fainali yake ni ya fremu 19 vilevile. Kule wako nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ikienda mpaka fremu ya kuamua itatukuta usiku wa manane, na hakuna mkahawa utakaotusubiri hata wenye adabu. Nimeshazungumza na yule kijana wa pool na wenzake wawili. Tutachanga bando, runinga tutaiweka barazani kwetu Shela, kahawa na kashata ziko. Anayetaka aje na kiti chake, na hatulipishi mtu.