Masomo ya Kiingereza ya jioni, Kamalondo: juma zima kwa neno "run"

Kwa miezi mitatu nimehudhuria masomo ya Kiingereza ya jioni katika chumba cha kupanga huko Kamalondo, hapa Lubumbashi, kwa dola 15 kila mwezi, na kinachonifanya niyasifu hasa ni juma moja ambalo mwalimu alilitumia lote kwa neno "run". Wengi wetu tunaleta unga kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na shuleni tulikaririshwa kwamba neno hilo kwa Kifaransa ni "courir", yaani kukimbia, basi.

Mwalimu hakuanza na kamusi. Alituuliza kwanza kama simu tunayoipiga inapolia, huwa inalia kwa maumivu. Darasa lilicheka, kisha likaelewa, kwani sisi pia tunapiga pasi, picha, kura na mswaki bila kumwumiza mtu. Kuanzia hapo tuliisoma "run" kama "piga" ya Waingereza: mto ukitiririka, injini ikinguruma, kamasi zikitoka, mtu akiendesha duka lake, neno ni lilelile. Mmarekani anayegombea urais husemwa kwamba anakimbia, ilhali kwa Mwingereza mgombea husimama, jambo lililotuletea ubishi wa nusu saa kuhusu nani atafika kwanza.

Lililonifaa zaidi ni "run out", yaani kitu kukuishia. Sisi husema unga umetuishia, na unga ndio unaotenda. Mwingereza hujitaja yeye mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyeukimbia. Mwezi uliopita muuzaji wangu wa upande wa pili wa mpaka aliniandikia maneno hayo, nami sikudhani kwamba ametoroka na fedha zangu.

Kijitabu cha fotokopi kinachouzwa dola 5, kwa upande wake, hakistahili bei hiyo, kwa kuwa kimepitishwa katika Kifaransa na kinataja maana mbili tu za neno hilo, wakati wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamezihesabu 645 kwa kitenzi peke yake. Viti navyo havitoshi, na umeme ukikatika tunasomea tochi za simu. Anayetaka kujiandikisha afike kabla ya saa kumi na moja na nusu, na fedha za kijitabu anunulie daftari nene.