Uzoefu wangu: kipimo cha mishipa ya fahamu na ile karatasi yake

Kipimo chenyewe, kile cha kukupitishia umeme mdogo kuona mishipa ya fahamu inaupitishaje, nakipa nyota nne. Karatasi ya majibu, moja, na hiyo ni huruma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Tangu msimu wa korosho uliopita, kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Usiku ndiyo balaa, naamka naukung'uta mkono kama nguo mbichi. Nyayo nazo zinawaka moto. Daktari wa hapa akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam, nikapanda basi la alfajiri.

Kosa la kwanza ni langu: nilijipaka mafuta ya nazi mikono na miguu, si naenda mjini! Vile vibandiko vya kunasa umeme vikawa vinateleza, kijana wa kipimo akanisugua kwa spiriti mpaka ngozi ikapauka. Halafu akanishika vidole. "Mama, umepoa sana." Kiyoyozi cha chumba kile si mchezo. Akanitia mikono kwenye maji ya uvuguvugu, maana kwenye mkono wa baridi umeme hupita taratibu, na karatasi ingesema naumwa kumbe nimepoa tu.

Umeme wenyewe ni kama kuguswa na pasi yenye waya uliochunika: kidole kinaruka chenyewe, basi, umeisha. Sindano ya kwenye msuli ndiyo inayouma. Ila ina spika. Ukikaza msuli unausikia ukipasukapasuka kama korosho juu ya bati la moto. Ukilegeza, kimya. Kijana akasema kimya hicho ndicho anachokitaka.

Kisha nikapewa karatasi, nikaambiwa nisubiri bingwa, wiki tatu. Hakuna aliyenisomea hata mstari. Kiingereza kitupu, tarakimu, na vinyota pembeni ya mbili tatu. Usiku nikaingia intaneti. Kunapambazuka nilikuwa nimeshajipoozesha mwili mzima.

Aliyenitoa huko ni daktari wetu wa hapa. Kutoka kifundo cha mkono hadi msuli wa kidole gumba, umeme ulitumia milisekunde 5.8, kikomo kilichoandikwa pale ni 4.4. Kutoka kiwiko hadi kifundo ulikwenda mita 54 kwa sekunde, vizuri tu. "Umebanwa hapa," akanibonyeza kifundo, "siyo mkono mzima." Akainua waya wa chaji: kasi ikipungua, mara nyingi shida iko kwenye ganda la nje, mawimbi ya umeme yanayochorwa yakiwa na kimo kifupi, nyuzi za ndani ndizo zimepungua. Yangu kimo chake bado kirefu.

Na miguu? Yote kawaida. Badala ya kufurahi nikakasirika, kwani huu moto najitungia? Akasema kipimo hiki hushika nyuzi nene; zile nyembamba, za joto na maumivu, hakizioni. Kwa hiyo damu imechukuliwa kupima sukari na vitamini B12, na jina la ugonjwa bado sina.

Ukienda, usijipake kitu. Sema mapema kama una betri ya moyo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na usitoke mlangoni kabla hujamng'ang'ania mtu akueleze vile vinyota.

Bingwa namwona tarehe 14. Kwa sasa nalala mkono umefungwa kibao, nimekishonea mfuko wa kitenge.