Bampa ya kulia, leni ya nne

Nimeshaandika maoni haya ya mteja mara mbili nikafuta. Mara ya kwanza hasira ilinizidi. Mara ya pili mke wangu alisoma akaniambia, "Baba Zamu, hapa umetukana mtu," nikafuta tena. Leo najaribu kwa mara ya tatu, na jina la ukumbi silitaji. Ni ukumbi wa bolingi hapa Kampala, na nilikuwa nimeapa sitaukanyaga tena maisha yangu yote.

Mama yangu alikuja kutoka Busia wiki kadhaa zilizopita kupimwa macho. Ana miaka 67, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Daktari akampima, akasema macho yake ya mbali yako salama kabisa, anachohitaji ni miwani ya kusomea tu. Likumbukeni neno hilo la daktari.

Wajukuu wakamshika: Bibi lazima aende bolingi. Wakamwonyesha mchezo kwenye simu. Akatazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza swali moja tu, "Na mpira ukiingia mtaroni?" Binti yangu Zamu, ana miaka saba, akamjibu, "Kuna bampa, Bibi. Zinapanda zinauzuia." Mama akasema basi twende.

Kwa ambaye hajawahi kwenda: leni ni njia nyembamba, upana wake mita moja na kidogo, na kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, yaani kile kigogo chenye umbo la chupa unachotakiwa kukiangusha kwa mpira, ni futi 60, yaani mita 18 na ushee. Kulia kuna mtaro na kushoto kuna mtaro. Mpira ukiangukia humo umekwisha, pini zako zote 10 zinabaki zimesimama. Bampa ni kingo mbili ndefu zinazoinuka kandokando ya leni ili mpira ukienda upande uguse, urudi katikati, uendelee na safari.

Mimi ni fundi wa vyuma, karakana yangu iko Katwe. Natengeneza mageti, na miaka hii zaidi mageti ya mota, yale ya kufunguliwa kwa rimoti. Kwa hiyo niliposikia bampa inayopanda na kushuka yenyewe nilitaka kuiona kuliko hata watoto walivyotaka kucheza. Huko Marekani miaka ya 1980 watu walikuwa wanajaza hewa mirija mirefu na kuilaza ndani ya mitaro. Ilisaidia, lakini ikishalazwa, leni nzima imekuwa ya watoto mpaka mtu aje aiondoe. Hizi za sasa zimeunganishwa na kompyuta ya kuhesabu pointi. Unapoandikisha majina unasema nani anataka bampa na nani hataki. Zamu akisimama, zinapanda. Mpwa wangu wa chuo akisimama, zinashuka, acheze kama wakubwa. Bibi akisimama, zinapanda tena. Hakuna anayemsubiri mtu, hakuna anayeondolewa mchezoni. Aliyebuni kitu hicho alimfikiria mama yangu bila kumjua, na mimi kama fundi nilimheshimu kabla sijafika hata mlangoni.

Sasa njooni kwenye kaunta.

Nikamwambia kijana wa pale aweke bampa kwa majina mawili, Zamu na Mama. Akainua macho, akamtazama mama yangu aliyevaa gomesi lake la kijani, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, la harusi na mazishi, akasema, "Bampa ni za watoto. Jaja akae tu atazame." Jaja ndiyo Bibi kwa Kiganda. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma bei. Mama akasikia. Mimi nikasema weka. Akaweka, huku anasonya.

Tukapewa leni ya nne. Zamu akaanza. Bampa ya kushoto ikapanda ikakaa, tak. Ya kulia ikapanda, ikatetemeka, ikasimama. Kwa mbali zilionekana sawa, na mimi nilikuwa nahangaika na kamba za viatu vya kukodi. Mama akasema, "Ule wa kulia haujafika."

Nikamjibu, "Ndivyo ilivyo, Mama. Tupa tu."

Hilo nalibeba mwenyewe. Fundi wa mageti miaka yote hii, na aliyeona alikuwa mama.

Mpira wa Zamu ukaenda kushoto, ukagusa, ukarudi, ukaangusha pini nne. Shangwe. Mpwa wangu akatupa. Ikaja zamu ya Mama. Akajifunga vizuri mshipi wa gomesi, akavuta soksi za mpwa wangu alizoazimwa, akachagua mpira mdogo wa kilo tatu na nusu hivi. Hakutaka kutia vidole kwenye matundu. Akaukumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayeipua sufuria ya uji, akaenda mpaka kwenye mstari, akainama, akausukuma. Mpira ukaondoka taratibu, taratibu mno, sote tumesimama. Ukapita robo ya njia ukiwa umenyooka kama rula. Halafu ukaanza kuhama kulia.

Hapo ndipo bampa inapotakiwa kufanya kazi yake ya pekee duniani. Mpira wa bolingi una kipenyo cha karibu sentimita 22. Ukingo ukikutana nao usawa wa tumbo lake, mpira unarudi. Ukingo ukiwa chini ya hapo, mpira wenye kasi unaweza kuupanda na kuruka, na mpira wa polepole unafanya kilichofanywa na wa Mama: uliteleza ukaangukia mtaroni, ukaenda kidogo, ukabanwa na mkono wa chuma uliokuwa unaning'inia chini ya reli ya bampa. Ukakaa pale. Katikati ya leni, taa zote zinauangaza, na mama yangu amesimama kwenye mstari mikono bado imenyooka mbele.

Yule kijana akaja mbio, na kabla hajafika akapaza sauti juu ya muziki wote ule: "Jaja ameharibu mashine!"

Watu waliokuwa leni ya tatu na ya tano wakageuka. Nikamwambia bampa ya kulia haikupanda yote, tazama. Hakutazama. Alinyoosha kidole kwenye skrini ya juu yetu, pale palipo na kipicha cha bampa mbili, zote mbili zina rangi ya kijani. "Kompyuta inaonyesha zimepanda," akasema. "Labda Jaja hakuona vizuri."

Hakuona vizuri! Mtu pekee katika ukumbi ule aliyekuwa ameona!

Nataka nikae hapa kidogo, maana wengine mtasema ni mhudumu mmoja tu hana adabu, mambo ya kawaida ya mjini. Adabu ni shida, sawa. Lakini kile kipicha cha kijani ndicho kilichompa jeuri. Katika mageti yangu, mota ikiambiwa fungua, hiyo ni amri. Geti kufika mwisho wake ni habari nyingine kabisa, na habari hiyo inaletwa na swichi ya kikomo, kidude kidogo kinachobonyezwa na geti lenyewe likishafika. Bila swichi hiyo mota haijui kama geti limefunguka au limekwama kwenye jiwe. Skrini ya leni ya nne ilikuwa inaonyesha amri. Ilikuwa imeambiwa pandisha, ikachora kijani, basi. Kama kila upande ungekuwa na swichi yake juu, upande wa kulia usipofika kipicha kingewaka chekundu, mchezo ungesimama, na kijana angekuja kutengeneza kabla mama yangu hajagusa mpira. Hapa mjini swichi ya namna hiyo si mali ya kufilisi mtu. Na kama mtengenezaji aliiweka na mtu wa hapa akaikwepa kwa kuunganisha waya ili leni isisimame siku ya wateja wengi, hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu amefundisha mashine kusema uongo na akaajiri kijana wa kuitetea.

Akaja meneja. Hakumsalimia mama yangu. Akasema tutalipa shilingi 100,000 za matengenezo, tukajibizana, sitarudia yaliyosemwa maana ndiyo yaliyofanya mke wangu anifutishe. Wakati huo Zamu alikuwa ameshika gomesi la bibi yake kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameanza kuvua viatu.

Aliyetuokoa alitoka nyuma ya pini. Ni fundi wao, mzee wa makamo, mikono myeusi kwa grisi kama yangu ilivyo Jumatatu hadi Jumamosi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumgeukia Mama na kumwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Pole sana, mama. Si wewe." Halafu akapita pembeni, si juu ya leni maana sehemu ya mbele inapakwa mafuta na inateleza vibaya, akapiga magoti, akauchomoa mpira. Nikamfuata. Akaninyanyulia reli nione. Reli ile inainuliwa na mikono kadhaa midogo iliyoungwa kwenye fimbo moja ndefu, fimbo ikisogea mikono yote inasimama pamoja. Kwenye mkono wa katikati pini ya chuma ilikuwa imekatika, na mahali pake palikuwa na waya wa kufungia nondo, umezungushwa mara tatu na kukazwa kwa koleo. Waya! Ukivutwa kidogo unalegea, na reli inashuka tumbo palepale katikati. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameomba pini nyingine tangu muda mrefu, anaambiwa subiri, zinaagizwa nje.

Mimi kwenye gari huwa na kopo la bolti. Nikamwambia nina bolti ya milimita nane na nati ya kujifunga isiyolegea kwa mtikisiko, tunahitaji dakika kumi. Macho yake yakawaka. Meneja akasema hapana, mteja haruhusiwi kugusa mashine. Waya umeruhusiwa, bolti imekatazwa. Mpaka sasa naandika hivi kidole kinagonga kioo cha simu kwa nguvu.

Yale ya 100,000 yakafa kimyakimya baada ya mzee kuonyesha waya mbele ya watu. Samahani haikutoka. Tukahamishiwa leni ya sita. Mama akasema, "Twende nyumbani tu, mwanangu." Ni mzee yule aliyemzuia. Alikwenda mwenyewe kwenye kompyuta, akazipandisha bampa za leni ya sita, akazishusha, akazipandisha tena, akatembea pembeni akizigonga kwa kiganja moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Kisha akarudi akamwambia Mama, "Zote mbili zimefika."

Mama akavaa viatu upya.

Mpira wake wa kwanza kwenye leni ile uligusa kulia, ukagusa kushoto, ukagusa kulia tena. Kila ukigusa unasikia dum, na Zamu anaruka. Ulichukua muda mrefu kiasi kwamba vijana wa leni ya pili waliacha mchezo wao wakawa wanausindikiza kwa macho. Ukafika. Ukaegemea pini ya mbele kama mtu anayebisha hodi, nayo ikaanguka taratibu, ikaangusha ya nyuma yake, na nyingine, na nyingine. Saba! Mama yangu alipiga vigelegele, vile vya kwao, mpaka muziki ukawa mdogo. Sijawahi kumsikia akipiga vigelegele tangu harusi ya dada yangu.

Kwa hiyo niwape nyota ngapi? Nilipotoka mlangoni ilikuwa sifuri. Nilipofika Katwe ilikuwa moja, kwa ajili ya mzee wa nyuma. Usiku Mama alikuwa anamsimulia shangazi kwa simu, anaonyesha kwa mikono mpira ulivyopita kana kwamba shangazi anamwona, na nikajikuta nasema tatu. Kubuni bampa za namna hii ni kazi safi, narudia, kazi safi, na anayeibuni hana kosa kama mwenye ukumbi anakataa kununua pini ya chuma ya reli. Lakini meneja yule bado simsamehi, na kijana wa kaunta namwombea apate mtu wa kumfundisha kabla hajamwambia bibi wa mtu mwingine akae atazame. Basi mbili na nusu. Na mkienda, msikubali kuanza kabla hamjawaambia wazipandishe bampa zote mbili mkitazama reli zenyewe kwa macho yenu. Skrini iacheni.

Nimesema niliapa sitarudi. Tulirudi. Siku mbili kabla Mama hajapanda basi la Busia alisema anataka kucheza mara moja zaidi, na mimi si mtu wa kumkatalia. Kijana wa kaunta hakuwepo. Leni ya nne ilikuwa imefungwa, na kwenye kiti chake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, herufi za mtu ambaye haandiki mara nyingi, na alama ya kidole cha grisi pembeni. Mama akasimama mbele yake. Akafungua mkoba, akatoa miwani yake mpya, akaivaa, akasoma kwa sauti: "Bampa ya kulia haifiki juu."

Akaikunja miwani, akairudisha mkobani, akamshika Zamu mkono wakaenda leni ya sita.