Pedi za gemu: kabla hujatoa hela shika stiki kwanza (mimi nimeshapigwa)

Wiki ya tatu tangu ninunue pedi, Astro, kale karoboti ka gemu la Astro Bot la PS5, akaanza kutembea mwenyewe. Nilikuwa nimeiweka kwenye kochi nikaenda kumfunika mtoto shuka, narudi nakuta karoboti kamejitupa shimoni. Nikasema labda ililalia stiki. Kesho yake kwenye FC, gemu la mpira, beki wangu wa kushoto anatoka zake taratibuuu kuelekea kibendera cha kona kama kaitwa na mama yake, hapo ndo nikajua nimepigwa.

Pedi nilinunua Kariakoo, duka silitaji, DualSense (pedi ya PS5) ndani ya boksi lenye nailoni yake kabisa, laki na themanini. Kurudi dukani naoneshwa risiti, chini imeandikwa "mali ikiuzwa hairudishwi". Kaka wa watu ananiambia "sista, hiyo ni wewe unavyocheza, unabonyeza kwa nguvu". Mimi ninayecheza dakika arobaini na tano kwa siku, tena zikipatikana! Natoka Posta saa kumi na moja, mwendokasi mpaka Kimara nimesimama, kupika, homework za watoto, mpaka walale ni saa nne. Ndo nashika pedi. Nitaiua saa ngapi?

Sasa miongozo mingi ya pedi itakueleza rangi, mtetemo, taa, inavyokaa mkononi. Hayo utayaona mwenyewe ukiishika. Mimi nitaongelea kitu kimoja ambacho muuzaji hakugusii kabisa, stiki, vile vijiti viwili unavyosukuma kwa dole gumba. Yaani chini ya stiki kuna nini.

Pedi nyingi za kampuni kubwa chini ya ile stiki kuna kijibrashi cha chuma kinachosugua juu ya njia ya kaboni, ukisukuma stiki kinasogea, pedi inajua umeenda wapi. Kinasugua, kinasugua, kaboni inalika, vumbi linaingia, siku moja stiki ipo katikati lakini pedi inaamini unasukuma kushoto. Ndo drifti hiyo. Mwaka 2021 iFixit, wale wa kufungua vifaa na kufundisha kuvitengeneza, walifungua DualSense wakapiga hesabu kutokana na idadi ya mizunguko ambayo mtengenezaji wa stiki mwenyewe kaitaja, wakaona kwa gemu za kurushiana risasi unaweza ukaimaliza kwa saa 417 tu. Nikachukua kalkuleta. Kwa dakika zangu 45 hiyo ni kama mwaka na nusu. Kwa kibanda cha PS ambacho pedi inashikwa saa kumi kwa siku, ni siku 42. Sasa jiulize pedi za vibandani zikichoka zinaendaga wapi, na maboksi mapya na nailoni zinatoka wapi. Sina ushahidi, najiuliza tu kwa sauti.

Dawa ipo na wala si mpya. Unaweka sumaku kwenye stiki na kihisio pembeni, havigusani, hakuna cha kulika. Inaitwa Hall effect, siku hizi kuna na TMR ambayo nayo ni sumaku ila inakula chaji kidogo kuliko hiyo Hall. Sega waliweka sumaku kwenye pedi ya Dreamcast mwaka 1998 jamani! Nintendo wakashitakiwa kwa ajili ya drifti za Joy-Con, pedi za Switch yao, rais wao akaomba radhi mwaka 2020, halafu Switch 2 ikatoka 2025 bila stiki za sumaku. Hawa watu wanatuchukuliaje?

Haya, orodha yangu, na nasema mapema nina upendeleo.

Ya kwanza ni 8BitDo Ultimate 2C Wireless. Ndo natumia sasa hivi na sitaki kusikia la mtu. Ni kampuni ya Shenzhen, pedi ilitoka 2024 kwa dola 29.99, stiki za sumaku, hata zile triga za nyuma nazo za sumaku, na ina vitufe viwili vya ziada juu karibu na vidole vya shahada. Inakuja na kidongo (dongle) chake cha kuchomeka kwenye laptop, ukikipoteza unatumia waya wa Type-C maisha yanaendelea. Nimeagiza kwa wakala wa mizigo wa China, tukachanga watu wanne kupunguza gharama, imechukua muda mpaka nikasahau, lakini imefika na nikiipima namba za stiki zimetulia mpaka leo. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa, PS5 haiitambui. Ni ya kompyuta na simu ya Android. Mimi gemu zangu nimezihamishia kwenye laptop, PS5 nimewaachia mume wangu na mdogo wake na FC yao wagombane.

Na kuhama kwenyewe wala hakujaniuma. Gemu la Silksong lilipotoka Septemba 2025 kwa dola 19.99 nikainunua siku hiyo hiyo, haihitaji laptop ya kutisha, inachezeka hata kwa mishale bila stiki. Nzuri mno, ila kwa mtu mwenye kazi na watoto ni mateso, yule bosi Last Judge, ukifa njia ya kumrudia ni ndefu kuliko pambano lenyewe, nusu ya usiku wangu inaishia barabarani utadhani nipo Ubungo saa kumi na mbili jioni. Balatro ndo rafiki wa mtu busy, karata tu, unaacha popote, stiki hata ife huijui. Gemu la Elden Ring Nightreign nimeshindwa, mzunguko mmoja unakula kama dakika arobaini, mnacheza watatu na huwezi kusimamisha, mtoto akilia saa tano usiku wenzako wawili wanakufa kwa sababu yako.

Ya pili GameSir G7 SE. Ya waya, na waya ni mita tatu, unakaa kitandani laptop ipo mezani. Sumaku pia. Inakubali Xbox na kompyuta na ina tundu la hedifoni. Watu wanadharau waya ila umeme ukikatika na laptop ina chaji, pedi ya waya haikuulizi kama uliichaji jana. Ningekuwa na Xbox hii ingekuwa ya kwanza bila mjadala.

Ya tatu DualSense, mpya kweli kweli. Naiweka hapa kwa shingo upande kwa sababu mwenye PS5 karibu hana pa kukimbilia, gemu za PS5 hazikubali hata pedi ya PS4 ya Sony wenyewe. Na nikubali tu, kwenye Astro Bot mtetemo wake hakuna mfano, unasikia kamba, unasikia mchanga, unasikia matone ya mvua mkononi. Kitu kizuri hivi halafu stiki za kaboni, kama umejenga ghorofa ukaezeka makuti.

Ukienda kuinunua, usikubali ile "ukifungua boksi umenunua". Fungua. Bonyeza kitufe cha Create na cha PS kwa pamoja mpaka taa ipepese haraka, iunganishe na simu yako kwa Bluetooth, ingia ukurasa wowote wa kupima pedi, kisha weka pedi mezani usiiguse. Namba za stiki zinatakiwa zikae karibu na sifuri. Sukuma stiki mpaka mwisho, achia ghafla, rudia mara kumi kila upande, ukiona inaganda kwenye 0.10 na kuendelea au inacheza cheza, rudisha boksi lake, sema asante, toka. Muuzaji akinuna mwache anune. Nilimfundisha hii binamu yangu akaenda nayo, duka la kwanza wakamwambia simu yake ndo mbovu, duka la tatu ndo akapata.

Ya nne pedi ya Xbox ya kawaida. Nayo kaboni. Inapata nafasi kwa sababu inatumia betri mbili za AA, zikiisha unamtuma mtoto dukani kwa Mangi. Basi.

Ya mwisho DualSense Edge, na hapa nina hasira. Ilitoka 2023 kwa dola 199.99. Sifa yake kuu ni kwamba stiki ikianza drifti unachomoa kipande kizima unaweka kingine, kipande kilitoka kwa dola 19.99. Yaani wanajua kabisa stiki zitakufa, wakaamua wakuuzie ufunguo wa kuzibadilisha! Na betri yake ni ndogo kuliko ya DualSense ya kawaida. Ikifika hapa Dar na VAT asilimia 18 na usafiri na faida ya muuzaji, hiyo hela ni mwezi wa shule wa mtoto.

Zile za elfu ishirini za USB zinazofanana na za PS2, mnunulie mtoto wa shangazi.

Mlioniuliza kuhusu kubadilisha stiki za DualSense ziwe za sumaku, inawezekana. Vifaa vinauzwa, ila ni kuchomelea pini nyingi ndogo na baada ya hapo lazima kukalibreti, yaani kuifundisha pedi upya katikati ni wapi, fundi akisema amemaliza mwambie aipime mbele yako kwa simu kama nilivyoeleza. Yangu nimempelekea fundi simu mmoja hapa Kimara mwenye mkono mzuri, kanipa bei elfu hamsini na tano, nikalipa nusu, akaniambia njoo Alhamisi. Hii ni Alhamisi ya tatu, jana nimepita nimeikuta imefunguliwa mezani, stiki moja ya sumaku, nyingine bado ile ile ya zamani, na mwenyewe ameenda kula.